Kabla Hujashika Mkasi wa Modesta

Tabora, jioni ya kuamkia safari yako

Mwanangu Kabula,

Nimengoja utoke ndipo nikae. Umekwenda kumuaga shangazi yako kule Gongoni, na ninavyomjua hatakuachia kabla hujala, kwa hiyo nina saa mbili hivi za kuwa peke yangu. Cherehani nimezifunika. Jua linaingia dukani hadi kwenye meza ya kukatia, na miwani ni ile ile niliyoifunga uzi, basi utavumilia mwandiko. Nimechoka, Kabula. Nakuambia mapema ili ukiuona uchovu humu ndani usidhani wewe ndiye uliyeuleta.

Sitakuandikia habari za kula vizuri na kufunga mlango na kujihadhari na wanaume wa stendi. Hayo shangazi yako anakuambia sasa hivi, tena kwa sauti ya kusikika hadi barabarani. Nguo umezipanga mwenyewe na basi la alfajiri unalijua. Mimi nataka tuzungumze juu ya maneno ya Jumanne.

Siku nne sasa hatusemeshani zaidi ya "chumvi iko wapi" na "nipishe nipite". Kilichoniuma ni kusikia kwa mteja kwamba umempigia simu Modesta wa Igunga na amekubali kukupokea ukajifunze kukata. Yule mama alisema kwa furaha kabisa, "Hongera Mama Kabula, binti anakwenda kuwa fundi." Kuwa fundi! Miaka minne umekaa kwenye cherehani yangu, kumbe watu wanakuona hujawa kitu. Nilipokuuliza hukukana. Ndipo nikasema lile neno langu, kwamba unakwenda kujifunza kwa mtu niliyemfundisha mimi hata kushika sindano. Ulikuwa unapiga pasi, na hukuinua kichwa. Ukasema, "Mama, Modesta hukumfundisha. Ulimnyima."

Nilitaka kukurushia kitu. Badala yake nilitoka uani nikafua nguo zilizokuwa safi.

Ni kweli, nilimnyima. Lakini wewe unajua nusu tu ya habari, hiyo waliyokuambia wasichana wa dukani. Nusu ya pili Modesta hajakuambia, maana angekuambia usingekubali kuendelea kula sahani moja na mimi. Siwezi kukuacha ukakae kwenye meza yake bila kuijua. Nipe nafasi nianze nyuma kidogo.

Nilikuja mjini hapa kwa treni kutoka Bukene nikiwa na miaka kumi na saba, nikapata kazi kwa Fundi Nasoro, mzee aliyeshona kanzu na suti na magauni ya maharusi. Kwake, kama kwa mafundi wengi wa wakati ule, kushona kulikuwa kwa kila mtu na kukata kulikuwa kwa mwenye duka. Alikata peke yake chumba cha nyuma, mlango umerudishwa. Sisi tuliletewa vipande vimefungwa kamba, tunaunganisha. Unaweza ukashona miaka kumi, ukawa na mkono mzuri kuliko wote mtaani, na bado mtu akikuletea kitambaa kizima unamrudishia, maana hujui uanzie wapi.

Kazi yangu ya pili ilikuwa kufagia. Jioni moja nikifagia chumba cha nyuma niligundua kwamba yale mabaki ya vitambaa yana maumbo. Nikaanza kuyatia kwenye mfuko. Nyumbani niliyapanga sakafuni, hili linakaa hapa, lile linaingia pale, mpaka katikati pakabaki nafasi tupu, na ile nafasi ilikuwa gauni. Sikuwahi kumwona fundi akikata hata siku moja, lakini niliona mkasi wake ulipopita. Nikaichora ile nafasi kwenye gazeti. Mwaka mzima nilifanya hivyo. Sijawahi kuwa na furaha kama ile, hata siku ya harusi yangu, na baba yako Mungu amrehemu alikuwa mtu mzuri.

Siku moja Fundi Nasoro alirudi kuchukua tasbihi aliyoisahau, akanikuta nimepiga magoti katikati ya mabaki na gazeti langu. Nikajua nimefukuzwa kazi. Kisha akainama, akalichukua gazeti, akasema, "Kwapa la nyuma umelichimba kama la mbele. Hili la nyuma halichimbwi hivyo, mtu atashindwa kuinua mkono." Akaniwekea gazeti chini, akachukua tasbihi, akaenda zake msikitini. Hatukulizungumza tena. Ila tangu siku ile ule mlango wa chumba cha nyuma alikuwa anausahau wazi kidogo.

Nakueleza haya ili ujue kwamba mama yako aliwahi kuwa mtu wa kujifunza. Huyo mtu alikuwepo, na nilimpenda.

Aliponipotea ni pale nilipofungua duka hili. Mteja alikuwa akisimama mlangoni, namtazama juu hadi chini, naenda kukata bila kumpima, na gauni linamkaa. Wakaniita fundi wa jicho. Watu walitoka Urambo huko kuja kutazamwa na mimi. Nawe unajua sifa zinavyoingia mwilini, unazizoea kama sukari kwenye chai. Nikaiweka futi kamba kwenye droo. Sikuchora tena kwenye magazeti. Nilikuwa na miaka thelathini na tano, na kuanzia hapo nimekuwa nakata kile kile nilichokijua siku ile, hadi leo.

Kisha akaja Modesta kutoka Ulyankulu, binti wa watu wa tumbaku, mpole, mwenye vidole virefu. Wewe ulikuwa na mwaka mmoja na ushee, na ni yeye aliyekuwa akikufunga mgongoni huku anashona. Alikaa nami miaka sita. Mwaka wa kwanza tu nilimwona akiokota kipande cha baki sakafuni, akikigeuza, akikitazama. Nilijua kabisa anatazama nini.

Ningeweza kumwambia jambo moja tu kama nililoambiwa mimi. Nilichofanya ni kuanza kukata alfajiri kabla wasichana hawajafika, na mabaki yote nikayafunga kwenye gunia, nikampa mshona mito ayajazie. Hakikubaki hata kipande cha ukubwa wa kiganja. Njia niliyopita mimi niliijua vizuri, basi nikaiziba. Akiniuliza, "Dada, lini utanionyesha?" namwambia bado. Baba yako alikuwa amefariki, nina mtoto mdogo, nikawaza nikimfundisha huyu atafungua duka mbele ya mlango wangu. Niliogopa. Miaka sita ya "bado", Kabula.

Sasa nifike kwenye nusu ya pili.

Wiki moja kabla ya Pasaka, kwaya ya kanisani kwetu iliniletea kitambaa cha majoho thelathini. Satini ya zambarau, imetoka Dar es Salaam, upande mmoja unang'aa na mwingine umefifia. Walitaka kuyavaa kwenye ile ibada ya alfajiri makaburini, wanapokwenda kuimba kwa marehemu kabla jua halijatoka. Mimi nikaugua malaria. Siku tatu sikuinuka. Modesta akaja kitandani akasema, "Dada, niambie tu, nitakata huku unaniangalia." Nikamwambia anitolee viatu.

Nilitoka na homa yangu, macho yanaona mbili mbili, nikatandaza satini. Joho linafunguka mbele, kwa hiyo lina pande mbili za kifua, wa kulia na wa kushoto. Unakunja kitambaa uso kwa uso, ule upande unaong'aa ukiwa ndani, ukikata mara moja unapata zote mbili. Hata wewe ambaye sijakufundisha unalijua hilo. Mimi sikukunja. Nilipanga tabaka juu ya tabaka, uso wote umetazama juu, nikaanza kukata. Modesta alikuwa mlangoni. Akasema, "Dada, samahani, subiri kidogo. Uso wote uko juu." Nikamjibu bila kugeuka, "Nyamaza. Wewe ni wa kushona."

Nilipomaliza nilikuwa na pande sitini za kifua, zote za kulia. Kitambaa kingine kama kile hakikuwepo Tabora nzima.

Wakaja wazee wa kwaya, wakiongozwa na Mama Rebeka, mwenyekiti wao. Mimi nimekaa kwenye kiti na shuka mabegani. Modesta anaingia na sinia la chai. Mama Rebeka akauliza, "Imekuwaje, mama?" Nikasema, na haya ndiyo maneno yenyewe, sijayapunguza: "Nilikuwa kitandani. Huyu msichana alitaka kunisaidia, akakata."

Modesta aliweka sinia mezani. Akanitazama. Nilingoja akatae, nakuapia nilikuwa nimeshaandaa na namna ya kumkaripia. Akasema, "Samahani, mama," akaanza kuwamiminia chai.

Pasaka ile kwaya iliimba makaburini na nguo za nyumbani. Satini waliniachia, na ndiyo mapazia ya chumbani kwako uliyolala nyuma yake miaka yote hii. Modesta alikaa wiki mbili zaidi, akamaliza kazi zote zilizokuwa mkononi mwake, akaaga vizuri, akaondoka. Hakuna fundi mjini hapa aliyemtaka, maana neno lilishaenea. Baadaye dereva mmoja wa lori aliniambia amemwona Igunga kwenye mashine za mpunga, anashona midomo ya magunia kwa sindano ya mkono. Nilisema "maskini" na nikaendelea kupiga pasi.

Jinsi alivyotoka kwenye magunia akafika kwenye duka lenye watu kumi na wawili, na kukata akajifunza kwa nani, sijui. Utamuuliza wewe. Mimi sina uso wa kumuuliza.

Ninachojua ni kilichotokea huku kwangu. Baada yake nilichukua wasichana wasioinua kichwa, wanaoshona na kwenda nyumbani, na duka likawa na amani kama nyumba isiyo na watoto. Hapakuwa na mtu wa kuniambia subiri kidogo. Vijana wakaanza kuja na picha kwenye simu, nami nikawa nawaambia, "Hiyo haishoneki." Ilikuwa inashoneka. Mimi ndiye nilikuwa siiwezi, na niliona ni bora mteja aende kuliko aone natafuta futi kamba. Wewe nimekukuta mara tatu umeinamia simu unatazama mtu anakata, penseli mkononi na gazeti chini. Mara zote tatu nilikwambia ukafagie. Mara ya tatu nilijiona mwenyewe pale sakafuni, na bado mdomo ukasema kafagie. Jicho lenyewe nalo siku hizi limekwisha. Nimemharibia Mama Salome gauni mwezi uliopita nikasingizia kitambaa.

Sina mafundisho mengi ya kukupa. Nilikuwa na bidii kuliko wewe, hilo nalisema na sifuti, na bidii haikunisaidia nilipoacha kuulizwa. Basi nikuombe moja tu: mtu akikuambia subiri ukiwa na mkasi mkononi, hata awe mtoto aliyekuja kuokota pini, weka mkasi chini umsikilize. Ukikuta amekosea utakuwa umepoteza dakika moja. Na wakianza kukusifu, pokea, sema asante, halafu nenda kapime tena. Mimi ningetoa miaka yangu ishirini ya kuitwa fundi wa jicho nipate ule mmoja wa magazeti, lakini hakuna anayebadilishana hivyo.

Jana nilipokuaga kwamba nakwenda sokoni, sikwenda sokoni. Nilikwenda kwa Mama Rebeka. Amezeeka sana, nimemkuta anachambua choroko kwenye ungo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, Mama Kabula. Vuta kigoda."

Nikamwambia nimekuja kwa habari ya yale majoho. Akauliza majoho yapi. Nikasema ya zambarau, ya Pasaka, yaliyoharibika. Akafikiri, akatikisa kichwa, akasema yeye anakumbuka meupe tu. Nikakaribia kuondoka, nakuambia kweli, nikajiona nimepona. Ndipo akapiga paja lake. "Aa! Yale aliyoyaharibu yule binti wa Ulyankulu. Modesta."

Kila kitu alikuwa amekisahau, Kabula. Rangi, mwaka, ugonjwa wangu, mpaka kwamba kwaya iliimba bila sare. Kilichobaki ni jina lake na kosa langu.

Nikasema, "Hakuharibu yeye, mama. Nilikata mimi. Nilimsingizia."

Mikono yake ikasimama kwenye ungo. "Na yeye akanyamaza?"

"Alinyamaza."

"Alikuwa na miaka mingapi?"

Nikasema ishirini na miwili.

"Kama Kabula," akasema.

"Ndiyo mama. Kama Kabula."

Nililia pale, na hakunibembeleza. Aliendelea na choroko zake. Mwisho akasema kwamba wengi walioambiwa bado wapo hai na wanaimba, na kwamba yeye hatanisemea. Jumamosi kuna mazoezi, nikasimame mwenyewe mbele yao. Nitasimama. Naogopa kama mtoto wa kipaimara, lakini nitasimama.

Ile hasira yako ya Jumanne ilikuwa halali, na kwa kunificha nimekusamehe kabla hujaomba. Kwa umri wako mimi nilikuwa naficha mabaki ya vitambaa chini ya kitanda, nikuhukumu nini? Nenda na radhi yangu yote. Sikupi nusu ili nusu nyingine ikurudishe. Ukifika, mwamkie Modesta kama mama yako mdogo, kwa maana mgongo wake umekubeba. Akikuambia fagia, fagia. Akikuambia kata, kata hata kama unaogopa. Ukiharibu, sema umeharibu wewe, siku hiyo hiyo, kabla chai haijaletwa.

Barua hii usimpe asome. Jumatatu nitapanda basi nije Igunga mwenyewe, na wala usimdokeze, sitaki ajiandae kunihurumia. Nitakaa kwenye benchi na wateja mpaka zamu yangu ifike. Akitaka niseme mbele ya wasichana wake kumi na wawili, nitasema mbele yao. Na kama baada ya hapo atakuwa bado ananitazama, nina ombi la pili, ambalo naona haya kuliandika na miaka yangu hamsini na minane. Mwezi wa nane kwenye harusi ile ya jirani nilimwona bibi harusi na gauni lililotoka kwa Modesta. Nilimzunguka mara tatu nikitafuta mshono wa bega, sikuuona. Sijui amekataje. Nimelala na lile bega, nimeamka nalo. Nataka anionyeshe, kama ataweza kuvumilia kunifundisha.

Huenda asiweze. Huenda akanifukuza, na duka ni lake. Hapo ndipo ninapokuhitaji, mwanangu. Utakuwa mezani na kitambaa cha watu mbele yako, utaniona naingia, na utataka kuinuka kwa kuwa nimekulea hivyo. Usiinuke. Hata sauti zikipanda, hata ukiniona natoka mlangoni nalia, usije kunitetea wala kunisindikiza stendi. Nitafika nyumbani salama. Wewe kaa hapo hapo ukate.

Mimi mama yako